Bia ina chupa yake, maji je?
Hapa Kinanira, mtaa wa Bujumbura, ukitaka kwenda na bia ya Primus nyumbani, muuzaji anauliza kwanza: chupa tupu iko wapi? Kama huna, unaacha pesa ya chupa. Ndiyo maana chupa ya Brarudi, kiwanda cha bia, hailali mtaroni, mtoto ataiwahi.

Maji ya safari hayana mwenyewe. Panda basi la Gitega: mkifika Bugarama, kwenye baridi na karoti, chupa za plastiki za maji zinanunuliwa, na nyingine zinarushwa dirishani kabla ya Muramvya. Amri ya rais ya Agosti 2018 ilipiga vita mifuko ya plastiki. Chupa zinaendelea kutamba. Za mjini mvua inaziteremsha hadi Tanganyika, ziwa lile lile linalotupa ndagala na maji ya bomba.

Mimi nabeba chupa ya chuma yenye maji niliyochemsha usiku. Wananicheka, eti mwanafunzi. Wacheke. Lakini makaa ni ghali, si kila mtu anaweza kuchemsha, na kumlaumu abiria peke yake ni uonevu. Kituo cha basi kiweke pipa la maji salama, watu wajaze kwa bei ndogo. Na kiwanda cha maji kitoze pesa ya chupa, kama cha bia.