Katheta ya Mawimbi Sauti: Kinachotibu ni Nini?

Bonge la damu likichomoka katika mshipa wa mguu na kukwama katika ateri ya mapafu, mzigo huuangukia upande wa kulia wa moyo. Upande huo una ukuta mwembamba. Haukuumbwa kusukuma damu dhidi ya kizuizi. Hupanuka, huchoka, na usipopata nafuu husimama. Si ajabu, basi, kwamba katheta inayoyeyusha damu iliyoganda kwa msaada wa mawimbi ya ultrasaundi imepokewa kwa matumaini makubwa.

Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja au wa shingo, huvuka moyo, na ncha yake hulazwa ndani ya bonge. Humo hupita dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida alteplasi, takriban miligramu 1 kwa saa, huku waya wa ndani ukitoa mawimbi ambayo sikio haliyasikii. Wengi hudhani kuwa mawimbi hayo hulivunja bonge kama yavunjavyo mawe ya figo. Sivyo. Hulegeza nyuzi za fibrini ili dawa ipenye. Kiyeyushacho ni dawa.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwa kuwa ndiyo inayoamua fedha zitumike wapi. Jaribio la ULTIMA, lililochapishwa mwaka 2014, lilikuwa na wagonjwa 59 tu. Lilionyesha kuwa moyo wa waliotibiwa kwa katheta hii ulipungua uvimbe ndani ya saa 24 kuliko wa waliopewa heparini peke yake. Mwaka 2015 ukaja utafiti wa SEATTLE II wa Marekani, wagonjwa 150, kwa miligramu 24 za alteplasi badala ya 100 zinazotolewa kwa mshipa wa mkono. Hakuna aliyevuja damu ubongoni, ingawa mmoja katika kila kumi alitokwa na damu kwa kiwango kikubwa. Hayo ni matokeo mazuri. Lakini hakuna hata mmoja kati ya tafiti hizo mbili uliolinganisha katheta ya mawimbi na katheta ya kawaida.

Ulinganisho huo ulipofanywa, sifa ya mawimbi ilififia. Utafiti wa SUNSET wa mwaka 2021, uliohusu wagonjwa 81 wenye bonge mapafuni, haukuona tofauti katika kiasi cha damu iliyoyeyushwa. Kabla yake, watafiti wa Bern, Uswisi, walipata jibu kama hilo kwa wagonjwa 48 wenye mabonge katika mishipa ya nyonga na paja. Tafiti hizi ni ndogo, na huenda kubwa zaidi zikasema vingine. Kwa sasa, hata hivyo, sifa nyingi ni ya dozi ndogo iliyofikishwa mahali pake, na kazi hiyo hata katheta ya bei nafuu huifanya.

Wapo watakaosema kuwa kuhesabu gharama mbele ya mgonjwa ni kumdharau Mwafrika, kana kwamba yeye hastahili kilicho bora. Hoja hiyo ina uzito. Ila kilicho bora kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji siku kumi zilizopita, ambaye mguu mmoja umevimba na sasa anahema, ni mtu wa kumshuku bonge badala ya kumwandikia dawa za nimonia. Ni heparini ianzishwe saa ileile. Ni kipimo cha moyo cha ultrasaundi kitandani pake. Shinikizo la damu likiporomoka, na hakuna kizuizi cha hatari ya kutokwa na damu, apewe alteplasi kwa mshipa wa mkono bila kungoja katheta yoyote.

Katheta ina nafasi kwa yule wa katikati: shinikizo lingalipo, lakini moyo unalemewa na hali inazidi kudorora licha ya heparini. Kwake yeye tumaini si la mbali. Mafunzo ya radiolojia tiba yaliyoanzishwa Muhimbili yanazalisha wataalamu wanaoweza kuifikisha katheta ya kawaida panapohitajika. Wanachohitaji ni katheta zenyewe, alteplasi ghalani, na wodi yenye wauguzi wa kutosha kumwangalia mgonjwa usiku kucha, maana damu ikianza kuvuja pajani saa nane za usiku, muuguzi ndiye wa kwanza kuiona.

Na ndugu wa mgonjwa wanaofikiria kuuza shamba ili wampeleke ng'ambo akatibiwe kwa mawimbi wamuulize daktari wake maswali mawili kabla ya kukata tiketi: je, moyo wake unaweza kustahimili safari hiyo? Na je, heparini imekwisha kuanzishwa?