Lubumbashi: Diski dure ikianza kulia, saa ya kwanza ndiyo inaamua

Mafundi wa ordinatere wanapokea kila mara watu wenye diski ya inje isiyofunguka tena. Vitu vilivyo ndani mara mingi vingeweza kupona, lakini vinauawa na haraka ya kutaka kuvipata. Hapa tunaeleza kinachotokea ndani ya ile diski, na mambo ya kufanya mbele ya kuipeleka kwa fundi.

Katika mutaa Golf, kama katika mitaa mingine ya Lubumbashi, kazi ya miaka mingi inaweza kulala ndani ya kisanduku kidogo kinachoenea katika mufuko wa shati. Mupiga picha anaweka humo mafoto ya ndoa. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweka travay yake ya mwisho wa masomo. ONG inaweka liste ya watu inaowasaidia, duka linaweka hesabu, redio inaweka sauti za vipindi vyake. Halafu siku moja umeme unakatika, unarudi kwa nguvu, na ile diski haionekani tena kwa ordinatere. Inatoa tu mulio: tik, tik, tik.

Kinachofuata kinajulikana. Mwenye diski anaichomoa na kuichomeka tena, mara tano, mara kumi. Anaipeleka kwa fundi wa kwanza, anaipitisha katika programu usiku muzima. Anaipeleka kwa fundi wa pili, anaifungua na turnevisi. Kiisha siku tatu anaambiwa: hakuna tena kitu. Swali ni kujua kama vitu vilikufa siku umeme ulikatika, ao vilikufa katika zile siku tatu.

Ndani ya diski

Diski ya kawaida iko na sahani zinazong'aa kama kioo. Katika madiski madogo ya inje, zinazunguka kama mara 5.400 kwa dakika. Juu ya kila sahani kuko kichwa kidogo kinachosoma bila kugusa. Kinaelea karibu sana, hata unywele wa mutu hauwezi kupita katikati. Diski ikianguka wakati inazunguka, ao kichwa kikiharibika, kinaweza kuanza kukwaruza sahani. Fasi iliyokwaruzwa inakuwa vumbi, na vumbi hakuna programu inayoweza kuirudisha. Njo maana kila mara diski yenye kichwa kibovu inapochomekwa, hasara inaweza kuongezeka.

Magonjwa hayafanani

Ugonjwa wa kwanza ni mwepesi, na watu wengi hawaufikirii: umeme mudogo. Diski ndogo ya inje inakula umeme kupitia kamba ya USB. Tundu la zamani linatoa miliampere 500, la kisasa 900, na diski wakati wa kuanza kuzunguka inaweza kuomba zaidi. Kamba mbovu ao ndefu inatosha kuifanya ilie kama vile imekufa. Basi kitu cha kwanza ni kubadilisha kamba, kuweka fupi na nzima, na kuchomeka kwa ordinatere ingine. Mara moja tu. Kama inaendelea kulia, mutu aache hapo.

Ugonjwa wa pili: diski inazunguka kimya, ordinatere inaiona, lakini inaomba kuiformate. Hapa sahani zinaweza kuwa nzima. Kilichovunjika ni ile liste inayoonyesha kila kitu kiko fasi gani. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, hali hii inaweza kutokea. Kukubali kuformate ni kosa kubwa. Kuko programu za bure, TestDisk na PhotoRec, zinazotafuta vitu bila kutegemea ile liste nzima. PhotoRec inarudisha mafoto na maandishi, ila majina yake yanapotea, na mutu atapanga upya moja moja. Sharti moja: vitu vinavyopatikana viwekwe kwa diski ingine, hata siku moja visiwekwe kwa ile ile inayogonjwa.

Ugonjwa wa tatu: diski inafunguka, lakini polepole. Kukopia kunasimama katikati, ordinatere inaganda. Hii ni dalili ya sahani ao kichwa kinachochoka. Wengi wanakimbilia CHKDSK ya Windows, juu inasema itatengeneza makosa. Lakini CHKDSK inaandika juu ya diski inayokufa, na inaitumikisha saa mingi. Kazi yake ni kunyoosha liste, si kuokoa vitu vya mutu.

Njia ya akili ni kukopia kwanza diski nzima, vile iko, juu ya diski nzima ingine, kiisha kutengeneza ile kopi. Programu ya bure inayoitwa ddrescue, ya Linux, inafanya vile. Inachukua kwanza fasi nyepesi, inaacha zile ngumu kwa mwisho, na inaandika katika kitabu chake fasi imefikia. Kwa muji wenye delestaji, hii ni faida kubwa: umeme ukikatika, kesho yake inaendelea pale iliachia, haianzi upya.

Ugonjwa wa nne ndio mubaya: diski inalia hata na kamba nzima, haizunguki, ao ilianguka chini. Hapo programu yoyote ni kupoteza wakati na kuongeza hasara. Kubadilisha kichwa kunaomba chumba kisicho na vumbi na vipande vya diski inayofanana kabisa. Fundi anayeifungua juu ya meza, katika vumbi nyekundu ya Lubumbashi wakati wa kiangazi, anafunga mulango wa mwisho. Laboratware za kazi hiyo ziko, kwa mufano, Afrika ya Kusini, na bei yake inapita mbali bei ya diski mupya. Kwa hiyo mwenye diski ajiulize mapema: vitu hivi viko na bei gani kwangu? Kama ni bei kubwa, diski izimwe na isiguswe na mutu mwingine njiani.

Kuko pia hadisi za kuepuka. Kuweka diski katika frigo kunaleta maji ndani. Kubadilisha karte ya chini kwa kuchukua ya diski ingine mara mingi hakutoshi, juu karte inabeba mipango ya diski yake peke yake. Na katika modeli zingine, kama za My Passport za Western Digital, karte yenyewe inafunga vitu kwa siri. Kutoa diski katika ganda lake hakusaidii kitu.

Hata penye umeme muzuri

Mutu anaweza kusema kosa lote ni la umeme. Si kweli kabisa. Kampuni Backblaze ya Marekani, inayotunza vitu vya watu juu ya madiski zaidi ya 300.000, ilitangaza kwamba kwa mwaka 2024 madiski 1,57 kwa mia yalikufa. Yale yanaishi katika vyumba baridi, umeme haukatiki, hakuna anayeyatikisa. Hapa diski inapanda moto katika sakosi, inachomekwa wakati grupe inawaka na kuzimika, inabaki imechomekwa wakati radi ya mvua inapiga. Hakuna sababu ya kutumainia bahati kuliko wale.

Siri za wengine

Kuko jambo lingine ambalo watu hawalizungumzi wakati wanaacha diski kwa fundi: fundi anaona yote. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya siri ya kila mutu, na kode ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 imeweka kanuni juu ya habari za watu binafsi. Lakini sheria haiko pale juu ya meza wakati kopi inafanywa.

Kwa mashirika ya majimbo ya mashariki, hii si maneno ya ofisi tu. M23 iliingia Goma mwezi wa kwanza 2025, kiisha Bukavu mwezi wa pili. Liste ya majina ya waliohama, ao ya wanawake waliobakwa na kuja kutoa ushuhuda, ikianguka katika mikono mibaya inaweza kuhatarisha maisha. Kufunga diski kwa neno la siri kunasaidia. Lakini diski iliyofungwa na BitLocker, kama ufunguo wake wa namba 48 umepotea, hata laboratware kubwa haiwezi kusoma kitu. Ule ufunguo uandikwe juu ya karatasi na utunzwe mbali na diski.

Mbele ya kuacha diski, mwenyewe aulize fundi mambo ine: Je, utakopia kwanza? Je, utaandika kitu juu ya diski yangu? Kopi itabaki wapi kiisha kazi? Na kama hakuna kitu kilichopatikana, nitalipa ngapi? Fundi wa kweli hatakasirika kwa maswali hayo.

Nakala moja si nakala

Watu wa kazi hii wanafuata kanuni nyepesi: nakala tatu, juu ya vyombo vya namna mbili, na moja ikae fasi ingine. Kwa wengi hapa, kupandisha vitu vyote kwa intaneti ni bei kali juu ya megabaiti. Lakini inawezekana kununua diski ya pili, kuiweka kwa ndugu katika komine Kenya ao Kamalondo, na kubadilishana kila posho. Mwizi, moto ao radi haiwezi kupiga nyumba mbili kwa siku moja kirahisi.

Lubumbashi inalijua jambo hili tangu zamani. Historia ya muji inayoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, ambayo André Yav aliandika mwaka 1965, inasomwa hata leo, na Johannes Fabian aliichapisha katika kitabu mwaka 1990. Kama ingebaki karatasi moja katika sanduku la mutu mumoja, tusingejua hata kama iliandikwa.

Katika ofisi mingi, kazi ya kukopia ni ya kila mutu, maana yake si ya mutu yeyote. ONG, masomo na redio zingeweza kuanza na jambo moja posho hii: kuchagua mutu mumoja, kumupa diski ya pili, na kuandika katika kalendari siku yake ya kukopia. Siku ile diski ya kwanza italia, hakuna atakayekimbia usiku kutafuta fundi.