Mchawi Gani Hupotea Njia?

Kuna video imezunguka kwa magrupu ya WhatsApp. Bibi mzee ameketi alfajiri kwa boma la wenyewe, leso imemtoka, miguu imejaa matope. Anaulizwa ametoka wapi, anaangalia tu ile simu. Nyuma vijana wanasema, "Omorogi amenaswa!" Kushuka kwa komenti, watu wa Kisii na Nyamira, marika yangu kabisa, wanauliza petroli iko wapi. Na emoji za kucheka.

Kwani tumesahau? Mei 2008 watu 11 walichomwa huku kwetu kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wakongwe. Oktoba 2021, kina mama wanne, Marani. Sisemi wote walikuwa wagonjwa. Hakuna atakayewapima tena. Lakini cheki "ushahidi" ambao hutolewa kila mara: anatembea usiku, anaongea peke yake, amevua nguo hadharani, hamjui mjukuu wake, anadai jirani amemwibia. Mpelekee daktari hiyo orodha bila kutaja Kisii, ugonjwa wa kwanza atakaowaza ni demensia.

Najua mtaniambia mimi wa mjini sijui mambo ya kijijini. Sawa, hiyo tusibishanie. Nielezeni tu vile mtu aliyesahau njia ya kurudi nyumba aliyoolewa miaka 50 iliyopita anaweza kupanga njama ya kumaliza kijiji kizima. (Na mkiwa hapo, ulizeni shamba lake litabaki na nani.)

Kinachoniuma ni kwamba kumpima mzee si kazi ya mashine ya mamilioni. Hapo Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kinaitwa IDEA, na walikifanyia kazi na wazee ambao wengi hawakusoma. Hakuna kuchora saa wala kuandika sentensi, juu ukimpa magokoro kalamu ambayo hajawahi kushika, utapima shule, si akili. Anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji anaitwa nani. Anataja wanyama kwa dakika moja. Anapanga njiti nne za kiberiti vile ulivyozipanga wewe. Anasomewa maneno kumi, halafu baadaye anayakumbuka yale anayoweza. Akifanya vibaya, haimaanishi tayari ana demensia. Inamaanisha aonwe na daktari.

Mwili nao una kipimo chake. Mzee ainuke kwa kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi, aketi. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, ako kwa hatari ya kuanguka. Simu unayomrekodia "mchawi" ina saa ya kuhesabu hizo sekunde.

Na si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, kukosa maji mwilini, hata dawa zenyewe, zinaweza kumfanya mzee aropokwe ghafla kwa siku moja au mbili. Akitibiwa, anaweza kurudi kawaida. Hebu fikiria kumchoma mtu ambaye alihitaji tu antibayotiki.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000, na mikoba ya kupima presha na sukari. Wanaingia kila boma. Kaunti za Kisii na Nyamira, wafundisheni hayo maswali machache na muwape njiti za kiberiti! Katiba, Kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na watunzwe na familia na serikali. Haisemi wasubiri umati uwafikie kwanza.

Na sisi tunaorudi ushago Desemba, kabla hujapiga selfi na magokoro, muulize leo ni siku gani. Akikosa, usicheke. Mpeleke hospitali, halafu uwaambie majirani ni mgonjwa, kwa sauti, na mapema.

Ile video niliiripoti. Saa hii bado inasambazwa.