Je, muuaji wa watu wengi anatupita akili?



Juma lililopita, tulipomaliza likelemba, mama mmoja alileta swali. Vijana wake wanapenda filme za wauaji, wale wanaoua mtu leo, kisha mwingine baada ya mwezi, miaka na miaka. Mmoja wao alimwambia: "Mama, wale ni watu wa akili sana, ndiyo maana polisi haiwakamati." Mama akatuuliza: ni kweli?

Hapana, wamama. Mawazo hayo yanatoka katika sinema. Mwaka 1991 dunia ilimtazama Hannibal Lecter, daktari wa kwenye filme anayeua na kumshinda kila mtu kwa maarifa. Lakini yule ni mtu wa kutungwa. Watafiti wa Marekani walikusanya habari za wauaji wa kweli waliopimwa akili. Walikuta wastani wao uko chini kidogo ya 100, na 100 ndiyo alama ya mtu wa kawaida. Wako wenye akili nyingi, wako wenye akili kidogo, sawa na watu wote.

Basi kwa nini wengine wanachukua muda mrefu kukamatwa?

Gary Ridgway wa Marekani alikuwa mpaka rangi wa malori. Kipimo chake cha akili kilikuwa 80 na kidogo. Hata hivyo alianza kuua mwaka 1982, akakamatwa mwaka 2001, na amehukumiwa kwa kuua wanawake na wasichana 49. Alieleza mwenyewe mbele ya sheria: alichagua wanawake wanaouza mwili, kwa sababu aliamini hakuna atakayewatafuta haraka. Hayo si maarifa. Alitegemea dharau ya watu.

Moses Sithole wa Afrika Kusini alitumia njaa ya watu. Aliwaahidi kazi wanawake waliokuwa wakitafuta, akawapeleka mahali pasipo na nyumba. Mwaka 1997 alihukumiwa miaka 2.410 ya kifungo kwa kuua watu 38 na kubaka mara 40. Neno lililowanasa wale wanawake lilikuwa moja tu: kazi.

Mtasema: na wale waliosoma? Yuko Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde, Uingereza. Uchunguzi ulihesabu wagonjwa wake 215 aliowaua, wengi wao wanawake wazee. Diploma yake haikumpa ujanja wa ajabu. Ilimpa heshima, na watu hawamwulizi mwenye heshima. Mwanamke mmoja wa kazi ya mazishi aliona kwamba wazee wa daktari huyo wanakufa mno, tena wanakutwa wamekaa kitini wakiwa wamevaa nguo zao. Habari ikafika polisi, wakachunguza kidogo, wakaacha. Mwaka 1998 Shipman alitunga urithi wa uongo wa mjane mmoja, akauandika kwa mashine yake mwenyewe. Binti wa marehemu, aliyekuwa mwanasheria, akautilia shaka. Ndivyo alivyonaswa.

Mnaona, wamama? Tukisema muuaji ana akili kuliko sisi, tunakata tamaa, tunakaa kimya. Kumbe anaishi ndani ya kimya chetu. Kwa hiyo tushike mambo haya:

Binti akiahidiwa kazi na mtu asiyejulikana, asiende peke yake. Aache nyumbani jina la mtu, namba ya simu na mahali wanapokwenda. Mwajiri wa kweli hatakasirika.

Msichana asiporudi, tusiseme "amefuata bwana." Tumpigie mkubwa wa Nyumba Kumi na tufike polisi siku ileile, hata kama ni yule ambaye mtaa unamsema vibaya. Yeye hasa.

Na mtoto au mzee akisema "mtu huyu ananitia hofu," tusimjibu "nyamaza, yule ni mtu mkubwa." Tumsikilize kwanza, halafu tuulize.

Mama mwenye swali, mwambie kijana wako hivi: wauaji wale hawakushinda kwa akili. Walishinda pale ambapo hakuna aliyeuliza. Sisi tutauliza.

Tukutane juma lijalo.