Kukata Majani Si Kazi Ndogo

Ndugu wafanya kazi,

Katika mikutano yetu twazungumza mishahara, nyumba na saa za ziada. Tukifika kwenye ajali twataja injini, kreni, umeme na mabehewa. Mkata majani hatajwi. Ukiuliza habari zake utajibiwa, "Huyo ni kibarua wa majani tu." Sisi tulio katika kazi ya reli hapa Changamwe twaona kwamba hilo neno "tu" ndilo linalowapofusha watu macho, na twaomba lizungumzwe.

Kwanza tutazame faida ya kazi yenyewe. Majani yasipokatwa kandokando ya njia, mifereji huziba na maji ya masika hukaa chini ya mataruma. Dereva haoni vizuri mahali watu wanapovuka. Nyoka hupata maficho. Wakati wa kaskazi, kipande kimoja cha sigara chatosha kuwasha moto, na sote twajua ni hatari gani majani makavu yakiwa karibu na matangi ya mafuta. Basi mtu huyu anatulinda sisi sote. Je, yeye analindwa na nani?

Pili, tukumbuke kwamba kazi hii imebadilika. Zamani ilikuwa fyekeo la mkono, na hatari yake ilikuwa mguu wa mwenyewe na wa jirani yake. Siku hizi ni mashine ya petroli, ile ya kusukuma kwa magurudumu au ile ya kuvaa begani kwa mkanda. Treni ya abiria ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilipangiwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Ncha ya kisu cha mashine ya majani yaweza kupita mara mbili ya mwendo huo. Na kandokando ya njia kokoto zimetapakaa. Kisu kikigonga kokoto, jiwe huruka kama risasi. Vitabu vya watengenezaji wa mashine za begani huonya kwamba watu wengine wakae mbali kiasi cha mita 15. Lakini kando ya njia zetu hupita watoto wa shule, kina mama wenye beseni za samaki, na bodaboda. Mkata majani mwenyewe mara nyingi amefunga kitambaa usoni na kuvaa kandambili.

Tatu ni kelele. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zakataza mfanya kazi kuwekwa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Mashine nyingi za petroli hufika kiasi hicho au kukipita. Kelele hiyo hula masikio polepole, na mwenye kuharibikiwa hajui mpaka watoto wake wamwite mara tatu.

Lakini kwetu sisi wa reli iko hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Mwenye mashine inayonguruma hasikii pembe ya garimoshi. Ukimpa vizibo vya masikio, navyo ni haki yake, ndipo hasikii kabisa. Kwa hiyo kumpa vizibo bila kumwekea mlinzi ni kumwokoa na ugonjwa na kumtia katika kifo. Lazima awepo mtu wa bendera ambaye hana kazi nyingine yoyote. Yeye hatazami majani, atazama njia. Na wawe wamepatana ishara ya kuonekana kwa macho, maana filimbi haitasikika. Ishara ikitolewa, mashine izimwe na watu wote watoke njiani. Mtu wa bendera akipewa reki asaidie kukusanya majani, hapo hakuna mlinzi tena.

Nne ni dawa ya kuua magugu. Dawa iitwayo paraquat haina kitu cha kuiponya, na funda moja laweza kuua. Kuimimina katika chupa ya soda ni kumtegea mtu mauti. Umoja wa Ulaya hauikubali tangu mwaka 2007. Dawa nyingine, glyphosate, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza mwaka 2015 kwamba yaelekea kuleta saratani. Huko California, Marekani, mtunza viwanja vya shule aitwaye Dewayne Johnson alishinda kesi mwaka 2018 dhidi ya kampuni ya Monsanto iliyoitengeneza. Kampuni yakana mpaka leo kwamba dawa yake huleta ugonjwa huo. Hatuwezi sisi kuamua ubishi wa wataalamu. Twajua tu kwamba mtu anayebeba pampu mgongoni, dawa ikimvujia shatini, ana haki ya kusomewa maandishi ya chupa kwa lugha aijuayo, kupewa glavu na buti, na kupata maji na sabuni kabla ya kula.

Wako watakaosema, "Hao ni vibarua wa kontrakta, si wanachama wetu." Jibu letu ni la sheria na la historia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 3, yahusu kila mahali pa kazi, awe mtu anafanya kazi kwa muda au kwa kudumu. Kifungu cha 14 chasema mfanya kazi akiripoti hatari kubwa ya karibu, asilazimishwe kurudi hapo kabla haijaondolewa. Na mwenye kuumia amwarifu mwajiri, na madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Wengi hupoteza haki yao kwa kukaa kimya.

Na historia ni hii. Januari 1947, Mombasa iliposimama, hawakusimama watu wa bandari na wa reli peke yao. Watumishi wa majumbani na wa mahoteli walisimama nao. Hakuna aliyewaambia kwamba wao ni watu wa jikoni na bustani tu.

Basi twataka chama chetu kidai mambo haya:

1. Kila mwenye mashine apewe miwani na kinga ya uso, vizibo vya masikio, glavu na buti ngumu, bila kukatwa katika ujira wake.

2. Kazi yoyote karibu na njia ifanywe chini ya mtu wa bendera.

3. Pawe na maji ya kunywa na kivuli, na kazi nzito ya kaskazi ifanywe asubuhi.

4. Penye wafanya kazi 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama. Wakata majani wawe na msemaji wao humo.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Kabla ya kuwasha, tutembee kiwanja chote tuokote mawe, waya na chupa. Tusimimine petroli injini ikiwa moto. Tusiondoe majani yaliyokwama kabla ya kuzima mashine na kuchomoa waya wa plagi. Na kinga tukipewa tuzivae, tusiziache nyumbani kwa sababu ya joto.

Kisu kikivunjika, kingine hununuliwa dukani. Jicho halina spea. Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa reli,
Changamwe.