Maktaba si ya Watahiniwa Peke Yao

Ipo kasumba iliyoota mizizi katika vichwa vya watu wazima wengi, baadhi yao wakiwa wenye madaraka: kwamba maktaba ni mahali pa mtu ajuaye kusoma tayari. Kijana wa kidato cha sita anayejiandaa kwa mtihani hukaribishwa. Mtoto wa miaka minne aliyeshikwa mkono na bibi yake hutazamwa kama kelele inayotembea.

Mwalimu wa darasa la awali anayajua matokeo yake. Kila Januari hupokea watoto wa aina mbili. Mmoja amekwisha kusomewa hadithi: anajua kitabu hufunguliwa upande gani, anajua kwamba ni maandishi yale meusi chini ya picha yanayosema, tena hutulia akangoja kusikia sungura atafanya nini. Wa pili hajapata kushika kitabu. Si mjinga hata kidogo. Pengine kwa vitendawili humshinda mwenzake. Lakini wakati mwenzake anaanza irabu, yeye ndiyo kwanza anafundishwa kufunua kurasa bila kuzichana. Tofauti hiyo haikuletwa na akili, imeletwa na mfuko wa mzazi.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Vema. Hata hivyo, kuwafungulia wote mlango wa darasa hakufukii shimo lililokwisha kuchimbwa nyumbani, wala mwalimu mmoja mwenye watoto tele hawezi kulifukia peke yake. Maktaba ya umma yaweza. Kitabu kimoja cha picha kilichonunuliwa mara moja hupita mikononi mwa mamia ya watoto. Mama muuza mihogo, hata kama hajui kusoma, aweza kumpakata mwanawe wakazitaja picha pamoja, naye mkutubi akawasomea wote kwa sauti. Hapo hapana usaili wala ada ya muhula, mambo ambayo shule za wenye fedha huyatukuza.

Wala wazo hili si la kuazima. Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, Uhuru ukiwa na umri wa miaka miwili tu, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, aliyoifungua Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ina sehemu ya watoto. Vitabu navyo vipo: Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umesaidia kuchapishwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili.

Kinachokosekana ni nia. Wilaya nyingi hazina maktaba ya umma hata moja, ilhali kumbi za mikutano hazikosekani. Wanaoketi humo kupitisha bajeti za halmashauri hawana budi kuulizwa: rafu moja ya vitabu vya watoto, mkeka, na mkutubi aliyefunzwa kusoma kwa sauti vinagharimu kiasi gani, na posho za kikao hicho ni kiasi gani?