Mapunye si mba, mama

Shule zikikaribia kufunguliwa, vinyozi wa hapa Babati mjini hawapati hata muda wa kunywa chai. Mzazi anafika na watoto watatu, mashine ni ileile, inatoka kichwa hiki inaingia kile. Baada ya wiki kadhaa naanza kuulizwa: "Dada, mwanangu ana mba wa duara, nywele zinakatika. Nimempaka dawa ya mba, wapi!"

Huenda huo si mba.

Ngozi ni shamba lenye udongo tofauti. Kwapani na katikati ya vidole vya miguu kuna unyevu, bakteria wa huko ni wapenda maji. Kichwani na usoni kwa mtu mzima kuna mafuta, na hapo ndipo anapostawi fangasi wa mba, maana mafuta ndiyo chakula chake. Wengi wa wakazi hawa hawana ubaya, tena wanawabana wageni wakorofi.

Sasa mtoto wa darasa la pili bado hana mafuta hayo. Mba kwake ni nadra. Fangasi wa mapunye, anayekula nywele na ngozi ya juu, anakuta uwanja mtupu. Balehe ikifika mafuta yanaongezeka, na asidi zake zinamdhoofisha. Ndiyo maana baba hunyolewa kwa mashine hiyohiyo na mara nyingi harudi na mapunye.

Mimi mwenyewe nilikosea kwa kitinda mimba wangu. Nilinunua krimu ya "kila kitu" dukani, muwasho ukaisha siku mbili, nikajisifu. Kumbe ina steroidi: inatuliza muwasho huku ikipunguza kinga ya ngozi. Duara moja likawa manne.

Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza, kwa sababu fangasi yuko ndani ya shina la unywele, krimu haifiki. Inayotumika sana ni griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, dozi ikipimwa kwa uzito wa mtoto. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na usiikatishe ukiona nywele zimeanza kuota. Anzia kituo cha afya. Yakigoma, KCMC Moshi kuna kituo cha magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Kagua na vichwa vya ndugu zake, kofia na vitana visiazimane. Na kinyozi mwambie asafishe mashine kabla ya kumgusa mwanao, hata akinuna.